Jibu: Mzee amestaafu, anashinda kitandani

Salaam ndugu. Umeuliza umtoeje baba ndani, naye anasema michezo ni ya watoto. Kwanza mpeleke akapimwe macho. Baba yangu alilikwepa baraza letu la bao hapa Ngamiani, Tanga, miezi mingi, kumbe kete hazioni na anaona haya kusema.

Alipopata miwani sikumhimiza kutoka. Nilinunua bao, nikaliweka sebuleni, nikamwomba anifundishe. Kwenye nyumba, lile shimo la mraba, nikatia kete 8 badala ya 6. Akaja mbio: “Siyo hivyo wewe! 6, kisha 2 na 2 mashimo ya pembeni, 22 zibaki mkononi.” Tukacheza hadi magharibi, anahesabu, anabisha, anacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile! Baadaye akarudi barazani mwenyewe. Ila usimwachie ashinde, atakugundua.