Kidhibiti cha giaboksi ya otomatiki kwa pikapu ya zamani

SWALI: Ndugu Mhandisi, salamu kutoka Mbale. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 aina ya 3L, ambayo hubeba kahawa na mahindi kutoka Kapchorwa. Goti langu la kushoto huniuma kila nikikanyaga klachi, kwa hiyo niliamua kuachana na giaboksi ya mkono, na fundi wangu amekwisha kufunga giaboksi ya otomatiki aina ya A340 iliyotoka kwenye gari lililovunjwa. Giaboksi hiyo hubadilisha gia kwa umeme, nayo injini yangu haina kompyuta. Fundi wangu anapendekeza swichi za mkono kwenye dashibodi. Muuzaji wa vipuri katika Soko la Kisekka, Kampala, ananishauri niagize kidhibiti cha bei kubwa kilichotengenezwa kwa ajili ya giaboksi za Marekani, kwa kuwa kinadhibiti hata presha ya mafuta ya giaboksi. Nichague kipi?
— Msomaji, Mbale

JIBU: Pole kwa goti, ndugu. Nakuomba usilipe chochote kabla hujalala chini ya gari na kuangalia kama giaboksi yako ina kebo inayotoka ubavuni mwake na kupanda kuelekea kwenye injini, kwa sababu jibu langu lote linategemea kebo hiyo. Giaboksi nyingi za A340 zina solenoidi (vali ndogo za umeme) tatu tu: mbili huchagua gia, na ya tatu hufunga kufuli ya tokikonvata, yaani kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Presha ya mafuta yanayobana klachi za ndani haitawaliwi na umeme hata kidogo. Hutawaliwa na kebo hiyo, ambayo huvutwa kadiri unavyokanyaga mafuta. Ikiwa kebo ipo, kidhibiti cha presha ambacho muuzaji anakisifu hakitakuwa na kitu cha kudhibiti, nawe utakuwa umelipia uwezo usioweza kuutumia. Ikiwa haipo, unalo toleo la baadaye ambalo presha yake hutawaliwa na solenoidi, na hapo ni lazima utafute kidhibiti kilichotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo hilo.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na ushauri wa muuzaji huyo. Katika giaboksi za General Motors ya Marekani kama 4L60E na 4L80E, solenoidi hupewa umeme wa batri moja kwa moja, na kazi ya kidhibiti ni kuziunganisha na ardhi (upande hasi wa batri) pale zinapotakiwa kufanya kazi. Toyota walifanya kinyume: upande wa ardhi wa solenoidi umeunganishwa na mwili wa giaboksi wenyewe, na kompyuta ndiyo inayopeleka volti 12. Kidhibiti kinachojua kuvuta ardhi tu hakitaendesha solenoidi hata moja ya A340 bila kuongezewa relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), na kila relei ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika katika vumbi la barabara zetu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote liwe hili: je, kinatoa umeme au kinavuta ardhi? Asipoweza kukujibu kwa kukuonyesha mchoro wa waya, tafuta muuzaji mwingine.

Kuhusu swichi za mkono, ni kweli kwamba zitabadilisha gia. Gia ya kwanza huhitaji solenoidi ya kwanza peke yake, ya pili huhitaji zote mbili, ya tatu huhitaji solenoidi ya pili peke yake, na ya nne haihitaji yoyote. Fundi akiwa na mita ya umeme anaweza kuzitumia swichi hizo kuijaribu giaboksi kabla hujanunua kitu, nami ningemsifu akifanya hivyo. Kila solenoidi ya gia ionyeshe kati ya omu 11 na 15 ikiwa baridi. Lakini kuendesha gari lenye shehena kwa swichi hizo kwenye mteremko wa Kapchorwa ni jambo ninalokusihi usilifanye. Kidole kikikosea, gari huweza kuruka kutoka gia ya nne hadi ya kwanza, au kubaki katika ya nne wakati unahitaji injini ikusaidie kushika mwendo, na hapo breki ndizo zinazoachiwa mzigo wote.

Basi unachohitaji ni kidhibiti cha kujitegemea kinachoijua A340, au chenye uwezo wa kupangwa kwa mpangilio huo wa solenoidi, na chenye uwezo wa kupokea habari mbili. Ya kwanza ni mwendo wa gari. Giaboksi ina sensa yake, lakini kuna sensa za sumaku za waya mbili, ambazo huzalisha wimbi dogo la umeme zenyewe, na kuna za waya tatu zinazohitaji kulishwa umeme; kidhibiti lazima kikubali aina uliyo nayo. Ya pili ni kiasi unachokanyaga mafuta. Pampu ya dizeli ya injini yako ni ya kimakanika na haina sensa, kwa hiyo fundi atafunga sensa ya waya tatu kwenye mkono wa pampu, ilishwe volti 5, na voltiji inayorudi ipande polepole bila kukatika tangu mguu ukiwa juu hadi ukikanyaga wote. Ikirukaruka, giaboksi nayo itarukaruka, na watu watakilaumu kidhibiti bure. Waya wa taa za breki nao ufikishwe kwenye kidhibiti, ili kufuli ya tokikonvata ifunguke unapokanyaga breki na injini isizimike.

Hujauliza kama unaweza kutumia kompyuta ya gari lililovunjwa badala ya kidhibiti, lakini wengi huniuliza hilo: kompyuta hiyo mara nyingi husubiri habari za injini yake ya asili, nayo 3L haina namna ya kuzitoa.

Sasa narudi kwenye kebo, maana hapo ndipo nimeona giaboksi nzima zikiungua ilhali kidhibiti hakina kosa lolote. Kebo ikilegea, presha huwa ndogo, klachi huteleza chini ya mzigo, na mafuta ya giaboksi hubadilika rangi na kunuka moto katika muda mfupi wa kazi. Fundi aifunge kwenye mkono wa pampu kwa namna ambayo mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, kebo nayo ifike mwisho wa mwendo wake. Kwa mpangilio wa Toyota, mafuta yakiwa yamekanyagwa yote, nafasi kati ya ncha ya mpira wa kebo na kizuizi kilichobanwa juu yake iwe milimita 0 hadi 1. Mkono wa pampu ya dizeli haukuundwa kwa ajili ya kebo hii, kwa hiyo huenda akalazimika kutengeneza kibano kipya. Mpe muda, usimharakishe.

Jambo la mwisho kuhusu ununuzi: chagua kidhibiti ambacho mipangilio yake hubadilishwa kwa kompyuta ya kawaida bila intaneti, kisha kifungwe ndani ya kabini, mbali na joto la injini na maji. Siku ya kukijaribu, chomoa fyuzi yake makusudi mahali tambarare. Giaboksi ya A340 isiyo na umeme hutoa gia ya nne mkono wa gia ukiwa katika D, ya tatu ukiwa katika 2, na ya kwanza ukiwa katika L. Dereva wako alijue hilo kwa moyo, ili fyuzi ikikatika akiwa amebeba magunia ajue ni L itakayomwondoa mlimani.

SWALI: Lori langu lina batri mbili na umeme wa volti 24. Naweza kulisha kidhibiti cha volti 12 kutoka batri moja?
— Msomaji, Gulu

JIBU: Hapana. Batri hiyo itatumika zaidi ya mwenzake, alternata itazichaji kana kwamba ziko sawa, na baada ya muda moja itakuwa na njaa huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi. Funga kipunguza volti kutoka 24 hadi 12 chenye uwezo wa kubeba kidhibiti pamoja na solenoidi zote zikiwaka kwa wakati mmoja, lakini soma kwanza alama za solenoidi zenyewe, kwani ikiwa giaboksi ilitoka kwenye lori la volti 24, hazitafanya kazi vizuri kwa volti 12.