Bebi kafikisha siku 100: maswali yenu

*Shikamoo dada. Kwenye tamthilia za Kikorea naona bebi anawekewa meza ya vitu, anaokota kimoja, watu wanashangilia. Ndo nini?*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni besidei ya kwanza, wanaiita dol, na kule kuokota ni doljabi. Zamani mezani kulikuwa na uzi, mchele, hela, brashi ya kuandikia, upinde, siku hizi utakuta mpaka maiki na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo. Akishika hela atakuwa tajiri, brashi msomi, uzi ataishi miaka mingi. Mimi ule uzi ndo unanigusa, maana enzi hizo watoto wengi walikuwa hawafiki mwaka, kwa hiyo mama aliyekaa pale anauangalia ule uzi alikuwa haombi mwanawe awe bosi, anaomba abaki hai tu. Wachina nao wanayo, zhuazhou, na mwandishi wao Qian Zhongshu jina lake lilitokana na hiyo siku, alishika kitabu wakamwita Zhongshu, yaani mpenda vitabu.

*Kwetu ni arobaini, kwa nini wao siku 100?*

Sababu ni ileile jamani, kusubiri kuona mtoto kakaza. Korea walianza na siku 21, mlangoni inafungwa kamba ili wageni wasiingie ovyo, mama anakunywa supu ya mwani, halafu siku ya 100, baek-il, wanapika keki nyeupe ya unga wa mchele ya mvuke wanagawa kwa majirani, walisema ikifika nyumba 100 mtoto ataishi sana. Na kile chombo hakirudi kitupu, kinarudi na uzi au mchele! Si kama kwetu tu, sahani ya jirani unairudishaje tupu? Wachina wao wanasherehekea mwezi mmoja, wanagawa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu.

*Mume wangu Mjapani, mama mkwe anataka kumlisha mwanangu samaki siku ya 100. Ana miezi mitatu tu, naogopa.*

Pole mama, ila tulia, halishwi kweli. Hiyo ni okuizome, wanapanga samaki mzima, wali wa maharage mekundu, supu, na kijiwe kidogo ili meno yawe magumu kama jiwe, halafu mkubwa wa familia anagusisha tu mdomoni kwa vijiti basi. Chakula wanakula nyie. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba bebi ni maziwa ya mama mpaka miezi 6, na mkae karibu kabisa na hicho kijiwe asije akakimeza.

*Na Wahindi?*

Wahindu wengi wana annaprashan, ule wali wa kwanza, mara nyingi karibu na mwezi wa 6, na hapo mtoto anaonja kweli, wali wa maziwa mtamu. Kwa Wabengali mara nyingi anayelisha ni mjomba, na mjomba kwetu pia si mtu wa pembeni.

*Nimealikwa dol, nipeleke nini?*

Desturi ni kapete ka dhahabu, gramu 3.75, ila dhahabu bei imepaa sana, wengi siku hizi wanapeleka pete ndogo zaidi au hela kwenye bahasha. Nguo ya bebi nayo sawa kabisa, nunua saizi kubwa kidogo avae mpaka mwakani.