Kasma, masurufu na saa ya Brussels: kwa wanaoanza kazi katika ofisi ya utafiti

Ukiajiriwa katika ofisi ya utafiti, iwe Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, hospitali ya KCMC, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au chuo cha wanyamapori Mweka, wiki ya kwanza utakabidhiwa faili nene na kuambiwa ulipitie. Usianzie ukurasa wa kwanza. Utafute mkataba wa ruzuku, kisha andika mambo manne kwenye karatasi moja utakayoibandika ndani ya jalada: tarehe ya kuanza na kumaliza mradi, tarehe za ripoti, kiasi unachoruhusiwa kuhamisha kutoka kasma (fungu la bajeti) moja kwenda nyingine bila kumwomba mfadhili, na mkataba upi una nguvu pale mkataba mdogo unapopingana na mkuu. Mtafiti mkuu hatakumbuka hata kimoja. Aliusoma siku ya kusaini, tena ukurasa wa fedha tu. Ukiyashika hayo wewe, haitapita miezi mitatu watu wataanza kupita mezani kwako kabla ya kwenda kwa mhasibu.

Kazi yenyewe ina pande mbili: kuomba fedha, na kuzisimamia zikishaingia. Wageni hukimbilia upande wa maombi kwa sababu ndiko kwenye sifa. Sisi tunashauri uanze na upande wa pili. Aliyehangaika mwaka mzima na masurufu (fedha za kazi zinazotolewa kabla ya hesabu) yasiyorejeshwa anaandika bajeti inayotekelezeka. Aliyeanza na maombi anaandika bajeti nzuri isiyo na mafuta ya kurudi nyumbani.

Chukua safari ya kawaida: watu wanne, siku tano, Moshi hadi Simanjiro na kurudi. Kosa la kwanza liko kwenye dokezo la kuomba fedha. Siku tano ni usiku nne, kwa hiyo malazi ni 4 × 4, yaani 16, wala si 20. Posho nne za ziada zinaonekana ndogo mpaka safari zifike kumi. Kiongozi wa safari akirudi ataleta bahasha ya risiti, na hapo ndipo macho yako yanapotakiwa. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, huchapishwa kwenye karatasi inayoathiriwa na joto. Iliyokaa kwenye dashibodi juani huwa nyeusi, na iliyokaa kabatini muda mrefu hufifia ikabaki karatasi nyeupe. Mkaguzi anaweza kuja baada ya miaka miwili. Basi toa nakala siku hiyo hiyo, bana nakala na risiti pamoja, andika juu yake kwa kalamu ya wino namba ya hati ya malipo. Kisha linganisha. Tarehe ya risiti ya mafuta iendane na kitabu cha safari cha gari. Lita ziendane na tangi, maana risiti ya lita 110 kwa gari lenye tangi la lita 90 haina maelezo atakayoyakubali mkaguzi. Jina la mteja na TIN (namba ya mlipakodi) viwe vya chuo, si vya dereva. Usipokee bahasha ukaahidi kuipitia kesho. Ipitie aliyesafiri akiwa amekaa mbele yako, kwa sababu kesho atakuwa Mto wa Mbu na simu haipatikani.

Nauli za washiriki wa utafiti zina mtego wake. Mhasibu anataka orodha yenye majina na saini au dole gumba; kamati ya maadili inataka siri ya mshiriki ilindwe. Orodha ya majina ya waliolipwa nauli kwenye utafiti wa VVU, ikiambatishwa kwenye hati ya malipo, itapita mikononi mwa masijala, uhasibu na ukaguzi, na siri imeshavuja. Kubalianeni na mhasibu mapema, kabla ya malipo ya kwanza, kwamba hati itabeba namba za washiriki na jumla ya fedha, na orodha yenye majina itafungiwa kwenye kabati la mradi. Mkaguzi akiihitaji aisome pale pale.

Sasa hesabu za bajeti. Gharama za uendeshaji wa taasisi, ambazo ofisini wengi huziita ovahedi, ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu asilimia haipigwi juu ya jumla yote. NIH, taasisi ya afya ya Marekani inayofadhili utafiti, huipa taasisi iliyo nje ya nchi hiyo asilimia 8, lakini vifaa vikubwa huondolewa kwanza. Tuseme gharama za moja kwa moja ni dola 60,000, na ndani yake kuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ya dola 12,000. Unapiga 8% juu ya 48,000 na kupata 3,840. Ukipiga juu ya 60,000 utapata 4,800, na hizo 960 za ziada hutazipata. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, inatoa 25%, ikiacha kazi wanazopewa wakandarasi: kwenye euro 60,000 zenye mkandarasi wa 10,000, ovahedi ni 12,500. Mfadhili mmoja anaweza kubadilisha kanuni kati ya tangazo na tangazo, kwa hiyo usinakili jedwali la mwaka jana.

Friza hiyo hiyo ina VAT ya 18%, yaani dola 2,160. Wafadhili wengine hawalipi kodi ya nchi mwenyeji, na msamaha hauombwi mzigo ukiwa umeshafika bandarini. Swali la "nani analipa VAT?" liulizwe bajeti ikiwa bado rasimu.

Halafu kuna shilingi. Bajeti imeandikwa kwa dola, mishahara na mafuta ni shilingi. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600, na mwisho wa mwaka huo ikarudi karibu 2,400. Mradi uliopanga mishahara kwa 2,600 ulijikuta na pengo ambalo hakuna aliyeiba. Panga kwa kiwango cha tahadhari, weka kwenye faili karatasi ya benki inayoonyesha kiwango cha siku fedha zilipobadilishwa, na utumie hicho kwenye ripoti, si kile cha siku unayoandika. Jambo jingine, hasa kwa Arusha ambako kukodi gari kulizoeleka kutajwa kwa dola: tangu kanuni za Machi 2025, bei ya huduma za ndani hutajwa na kulipwa kwa shilingi. Ankara ya dola kutoka kwa mwenye magari wa Njiro irudishe.

Tarehe za mwisho huponza hata wazoefu, na mara nyingi tatizo ni saa. Kwa NIH, mwisho ni saa 11 jioni ya mahali alipo mwombaji. Chuo chenu kikiwa ndicho mwombaji mkuu, ni saa 11 ya Moshi, wakati Washington bado ni asubuhi. Anayengoja jioni ya Marekani amechelewa. Horizon Europe hufunga kwa saa ya Brussels, aghalabu saa 11 jioni yao, ambayo kwetu ni saa 12 jioni kuanzia mwisho wa Machi na saa 1 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba. Na kutuma si kupokelewa. Mfumo hukagua na kurudisha makosa, nawe unatakiwa kuyasahihisha kabla muda haujaisha. Tuma siku tano kabla. Umeme wa siku ya mwisho haujawahi kuwa rafiki wa mtu.

Usajili nao unahitaji wiki, si siku. Kuomba moja kwa moja kwa serikali ya Marekani kunadai usajili wa SAM.gov, mfumo wa serikali hiyo wa kuandikisha wanaoomba fedha, unaohuishwa kila mwaka, na taasisi iliyo nje ya Marekani hutakiwa kwanza kupata NCAGE, namba ya kuitambulisha taasisi. Jina la chuo liwe lile lile kila mahali, herufi kwa herufi. Hapo kuna kikwazo chetu cha nyumbani: barua zetu nyingi zina S.L.P. tu, na S.L.P. haikubaliki kama anwani ya mahali chuo kilipo. Tafuta mapema hati rasmi yenye barabara, kata na msimbo wa posta. Mkiwa wapokeaji wa ruzuku ndogo chini ya chuo kingine, kwa kawaida UEI, namba ya utambulisho inayotolewa na SAM.gov, pekee inatosha.

Vibali tutavigusa kwa ufupi, maana kila ofisi ina orodha yake. Maadili huanzia kamati ya taasisi na, kwa tafiti za afya zenye washirika wa nje, huendelea NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tafiti za wanyamapori zinapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori hapo Arusha, kisha TANAPA (hifadhi za taifa) au Ngorongoro kutegemea eneo. Baada ya hapo kuna barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Usimpeleke mtafiti kijijini kabla mtendaji hajaiona. Sampuli hazisafiri nje bila makubaliano ya uhamishaji, na tangu Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inagusa pia takwimu zinazotumwa kwa washirika wa ng'ambo. Cheti cha maadili huwa na muda. Weka kengele siku 60 kabla hakijaisha, kwa sababu takwimu zilizokusanywa katikati ya vyeti viwili huenda zikalazimika kutupwa.

Kuhusu ajira yenyewe: wengi huingia kama mratibu au mhasibu wa mradi, kwa mkataba unaokufa na mradi. Ukibaki mtu wa mradi mmoja na wa mfadhili mmoja, uko kwenye tawi kavu. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utaratibu wake wa ruzuku ndogo kwa taasisi za nje hadi muundo mpya, na ofisi zilizojua mlango huo mmoja zilibaki zinatazamana. Jifunze kanuni za wafadhili watatu angalau: mmoja wa Marekani, mmoja wa Ulaya, na mfuko wa ndani kama ule unaosimamiwa na COSTECH. Jitolee kushughulikia kitu ambacho ni cha chuo kizima, kama rejista ya ruzuku au kalenda ya ripoti, ili mkataba ukiisha mkurugenzi awe na sababu ya kukutafutia kasma. Cheti cha GCP, yaani kanuni za kuendesha majaribio ya tiba kwa binadamu, ni cha siku chache na bila hicho hutashika kazi za majaribio ya dawa. Mwenye digrii ya uhasibu amalizie CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu, maana inampandisha haraka kuliko kozi tatu za kuandika maombi. EARIMA, chama cha mameneja wa utafiti wa Afrika Mashariki, kitakupa watu wa kuwauliza, na hilo pekee linalipa ada.

Mwisho wa mradi ndipo utakapojulikana. Acha kununua vifaa mwezi wa mwisho. Kompyuta tano zilizonunuliwa wiki mbili kabla ya kufunga zina sura ya kumaliza fedha. Bandika namba za mali, kagua kasma kila mwezi katika miezi sita ya mwisho, fuatilia ankara za washirika ambazo hazijafika. Ripoti za mwisho za NIH hudaiwa ndani ya siku 120. Mradi uliofungwa Agosti 31 unadaiwa Desemba 29, wakati Mkuu wa Fedha ameshapanda Rombo, mwenye kusaini yuko Machame na ofisi imefungwa hadi mwaka mpya. Saini zote zipatikane kabla ya Desemba 12.