Jiwe jeusi la volkano na makaa ya mawe, jamani sio ndugu

Mkuu umesema una mawe meusi mawili hapo kwako Mbeya, moja la shambani Tukuyu na lingine umepewa na dereva wa lori la makaa, na unaamini yote yametoka kwenye moto wa chini kwa sababu yote meusi. Kuna mchangiaji hapo juu kakuunga mkono. Hapana wakuu. Mimi mzaliwa wa Rungwe, misingi ya nyumba nimejengea hayo mawe ya volkano toka niko saidia fundi, na misimu minne nimechoma tofali kwa makaa ya mawe, kwahiyo hapa naongea kitu nilichokishika.

Hilo la Tukuyu ni basalti, yani lava iliyopoa. Lilitoka chini likiwa uji wenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, likamwagika, likaganda. Huku kwetu limejaa kwa sababu tumezungukwa na volkano, Rungwe yenyewe, Ngozi yenye ziwa juu, na Kyejo ambayo ilimwaga lava kama miaka 200 tu iliyopita. Hata Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba, ule mwamba ni lava. Sasa lipasue kwa nyundo uangalie upande mpya, utaona vitundu vitundu kama vya kitumbua, hiyo ni gesi iliyokuwa inatoka jiwe likiwa bado uji, na ukiligeuzageuza juani mara nyingi utakuta vipunje vya kijani vinang'aa kama chupa iliyosagwa, hiyo ni madini ya olivini. Lile jiwe jepesi la kusugulia miguu nalo ni la volkano, ila lenyewe limejaa gesi mpaka linaelea majini.

Makaa ya mawe hayajawahi kuwa uji wala hayajapita kwenye volkano yoyote. Ni mimea. Mimea ya kwenye madimbwi ilikufa ikaangukia maji yasiyo na hewa, haikuoza yote, ikafunikwa na tope na mchanga tabaka juu ya tabaka, ikakandamizwa na kupata joto la kina mamilioni ya miaka mpaka ikabaki kaboni kwa wingi. Haya ya mgodi wa Kiwira (uko kule Ileje, sio hapa Kiwira mjini, watu wengi wanapotea hapo) yana zaidi ya miaka milioni 250, mlima Rungwe ni mtoto kabisa mbele yake. Siku moja napakua mzigo nikapasua bapa la kijivu lililokuja na makaa, ndani nikakuta alama ya jani zima, mshipa wa katikati umenyooka na vimishipa vya pembeni unavihesabu. Ninalo dirishani mpaka leo, wanangu ndo walipoelewa hapo.

Na ndo maana moja linawaka lingine haliwaki. Basalti ni silika (kitu kilekile cha kwenye mchanga na kioo), chuma, magnesiamu na vitu kama hivyo ambavyo vimeshaungana na oksijeni kitambo, hamna kilichobaki cha kuungua, utalichochea usiku kucha litakuwa jekundu na kesho utalikuta jiwe lilelile. Kaboni ya kwenye makaa bado inaitaka oksijeni, ukiipa moto na hewa inashika.

Nilijua hili kwa hasara. Mwaka mmoja nilinunua fuso zima kwa dalali wa barabarani, mzigo mweusi tii, nikapanga tanuri la tofali 8,000. Siku ya tatu moto ukafa. Kufungua, tofali za pembeni zinamong'onyoka mkononi kama biskuti, na kwenye majivu kuna mabapa meusi hayajaguswa kabisa. Karibu nusu ya mzigo ilikuwa tope lililogeuka jiwe, lile linalokaa juu na chini ya tabaka la makaa, jeusi kwa kuchanganyika na kaboni kidogo tu. Iliniuma sana maana zilikuwa tofali za mama mjane aliyekuwa amenilipa yote, nikamchomea upya kwa hela yangu. Toka hapo nanyanyua kwanza ndo nalipa. Kipande cha makaa ukikishika unashangaa kilivyo chepesi, ujazo wa lita moja ni kama kilo 1.3, la tope linafika kama 2.5, na basalti iliyoshiba, yani isiyo na vitundu, inakaribia 3. Makaa pia yanachafua vidole, yanavunjika vipande vya pembe pembe na yana mistari ya kung'aa na ya kufifia. Basalti kucha haiachi hata alama.

Kitu pekee ambapo haya mawili yanakutana ni pale uji wa volkano unapopenya kwenye tabaka la makaa. Afrika Kusini imetokea sana, joto lile likafukuza gesi zote kwenye makaa ya jirani, mengine yakawa magumu yasiyo na moshi, mengine yakaharibika.

Mkuu umeandika unataka ulijaribu la dereva kwenye jiko la ndani kwa ajili ya hii baridi. Nakuomba, usifanye hivyo. Linatoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, unasinzia na huamki. Lijaribie nje uwanjani, kipande kama yai kinatosha, na utupe mrejesho.