Wiki ya pili ya dawa bado ni mapema

Dada yangu wa Ngamiani, unasema mwenzako kazini alimeza dawa ya ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu, akatulia siku ileile, ila wewe wiki ya pili na atomoksetini bado unasahau chai jikoni mpaka sufuria inaungua. Pole. Hizo ni dawa mbili tofauti. Yake, methilifenideti, huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe kichwani, zisifyonzwe haraka kurudi kwenye seli za ubongo, na huanza kazi ndani ya saa moja hivi. Yako hukolea polepole, wiki 4 hadi 6 au zaidi. Tena kila ini huivunja kwa kasi yake, ndiyo maana dozi hazilingani. Kidonge chake usikiazime, shoga! Rudi kwa daktari akupime presha, umtajie kila dawa unayotumia, hasa za sonona. Baadhi huizuia hiyo yako isivunjwe, ikazidi mwilini.