Bei imepanda ghafla kwa mama ntilie unayekula kwake kila siku

Pole ndugu. Umezoea ugali na samaki mgebuka kwa 4,000, unamaliza kunawa ndiyo unaambiwa 6,000. Inauma, na hapo Mwanga, Kigoma, mnajuana, kwa hiyo unaona haya kusema.

Usiseme mbele ya wateja. Nenda saa kumi jioni, sufuria zimeshaoshwa: "Shikamoo mama. Juzi bei ilinishtua, ningejua mapema ningejipanga." Kisha msikilize. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa hawapati kitu, na Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi kama Mei hadi Agosti 2024, samaki huadimika. Huenda hata yeye kabanwa.

Usidai bei ya zamani, utambana bure. Omba bei iandikwe ubaoni, au akupimie nusu sahani. Wengi hukubali hilo la pili haraka (mchuzi, hata hivyo, usitegemee uongezwe).

Ila kama ubao unasema 4,000 na anakutoza 6,000, hilo ni jingine. Lipa ya ubaoni, dai risiti. Akizidi, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, ingawa kwa 2,000 mimi ningehamia tu mgahawa mwingine.