Nilikuwa mzee wa kanisa PCEA Kenya. Huku Marekani bado ni mzee?

Swali: Nilikuwa mzee wa wilaya katika parokia yetu ya PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki). Nimehamia Texas na kujiunga na kanisa la PC(USA), yaani Kanisa la Presbiteri la Marekani, lakini nikaambiwa si mjumbe wa baraza la wazee. Nimevuliwa uzee? Halafu, mbona mchungaji hayumo kwenye daftari la washirika?

Jibu: Hujavuliwa chochote, Mzee. Katiba ya PC(USA) inatenganisha kuwekewa mikono (kuwekwa wakfu kuwa mzee) na kuketi barazani. Kuwekewa mikono ni kwa maisha. Kiti hupigiwa kura na washirika kwa muda usiozidi miaka 3. Unaweza kuchaguliwa tena, ila ukitimiza miaka 6 mfululizo unakaa nje angalau mwaka 1. Kwa hiyo kwenye viti vya kawaida siku ya Jumapili huenda umezungukwa na wazee wengi wasio barazani.

Kwanza hakikisha barua yako ya uhamisho imefika, na inataja kwamba uliwekewa mikono kuwa mzee, si ubatizo tu. Wengi husahau hapo. Anayekupokea ni baraza la wazee, si mchungaji peke yake. Barua ikichelewa, unaweza kupokelewa kwa kukiri imani upya.

Kiti chenyewe hupitia kamati ya uteuzi, ingawa kwenye mkutano wa washirika mtu yeyote mshirika anaweza kusimama na kutaja jina lingine. Ukichaguliwa, baraza litakuhoji kuhusu imani na kazi, kisha utasimikwa. Mikono haiwekwi mara ya pili. Kabla ya hapo si lazima ukae bure: baraza linaweza kukutuma presbiteri (chombo cha wachungaji na wazee kinachosimamia makanisa ya eneo) kama mjumbe, au kukuchagua katibu wake, maana katibu lazima awe mzee lakini si lazima awe na kiti. Hapo utaandika kumbukumbu bila kupiga kura.

Kuhusu mchungaji: ushirika wake uko presbiteri. Ndiyo maana anaongoza mkutano wa washirika bila kura, ingawa barazani anayo. Na msimpigie hesabu za kumfukuza kwa kura ya Jumapili moja, hata mkiwa wengi kiasi gani. Kura yenu ni ombi tu, na presbiteri ndiyo inayofunga au kufungua uhusiano huo.